Kabange Hayumo Ghalani

Jumatatu, tarehe 3

Redioni tangu alfajiri. Umeme hakuna, jenereta inanguruma. Maduka ya mjini bado yamefungwa. Nimesoma majina ya waliofika jana wakikimbia vita vya kaskazini. Odette, fundi wetu wa kompyuta, amemaliza faharasa yake: unaandika jina, inakupa namba, ukibonyeza namba, inachota habari zote kutoka ghala kuu la kumbukumbu la Kinshasa. Nikataka faharasa yenyewe ishike pia mahali mtu alipo. Mtandao ukikatika, angalau tuna hilo. Odette akakataa. Kitu kikiandikwa mara mbili, siku moja kimoja kitadanganya. Nimemsumbua mpaka akakubali.

Jumanne, tarehe 4

Faharasa imedanganya. Mzee mmoja tumemtuma mpaka Kasapa kwa miguu, kumbe ndugu yake alihamishwa juzi. Ghala lilijua. Faharasa haikujua. Kosa langu. Nimeona aibu.

Jumatano, tarehe 5

Kinshasa wamesafisha ghala. Majina yaliyojirudia yamefutwa, wanasema, na wanajisifu. Kesho saa sita mchana Odette atajenga faharasa upya kutoka ghalani, bila mahali. Sikubisha.

Alhamisi, tarehe 6

Saa tano. Mama mmoja kutoka njia ya Kilwa. Watu wanamwita Mama Mapasa, kwa kuwa ana mapacha. Walipotezana naye njiani. Mmoja, Kyungu, amempata jana, parokiani Hewa Bora. Wa pili, Kabange, hajulikani alipo.

Odette akaandika jina. Kabange, namba, shule moja ya Kampemba. Akabonyeza. Ghala: hayumo. Akasema ni mabaki ya zamani, yatafutika saa sita.

— Namna gani haiko? Nilizala babili, mama. Kyungu hazaliwake peke yake!

Hapo nikaelewa. Baba mmoja, mama mmoja, siku moja ya kuzaliwa. Kinshasa wamewahesabu kuwa mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili. Hapa kwetu hata mlevi asingekosea: kila pacha wa kwanza ni Kyungu, Kabange humfuata. Jina lenyewe ni ushahidi.

Saa sita kasoro dakika kumi. Odette akasitisha kazi yake ya saa sita. Mimi na mama tukapanda pikipiki.

Yumo. Darasa la mwisho, anakula bukari. Mama hakulia. Alipiga vigelegele mpaka shule nzima ikatoka nje.

Ijumaa, tarehe 7

Tumelinganisha faharasa na ghala, jina kwa jina. Kila Kyungu aliyebaki peke yake, kila Kabange aliyefutwa. Jozi sita. Saa nane Kinshasa wamewarudisha wote, bila kujisifu. Nimeyasoma majina hewani mara mbili, polepole, kwa raha zangu. Odette alikuwa anacheza nyuma ya kioo.

— Papa, bote bamerudia! Bote!

Miaka yote hii ya kazi, sijawahi kusoma taarifa tamu kama hii.

Jumapili, tarehe 9

Umeme umerudi. Odette amebakiza mahali ndani ya faharasa. Pembeni ameongeza siku na saa ya kuandikwa. Tumekubaliana.

Mama Mapasa alipita na watoto kusalimia. Wanafanana mno. Nikauliza, nani Kabange?

Wote wawili wakainua mkono.