Komeo la Ndani

Jumatatu, Machi 4
Vyoo vipya vya wanawake vimefunguliwa kambini. Mabati yanang'aa, makofi, picha. Wifi yangu kaingia wa kwanza, katoka amefura: komeo liko nje! Ndani patupu, hata msumari hamna. Fundi kajitetea eti maisha yake yote amejenga stoo, na stoo hufungwa kwa nje. Sawa, baba. Kwa hiyo sisi magunia?

Jumanne, Machi 12
Binti yangu ana homa. Akikojoa analia. Muuguzi kasema mtoto anabana mkojo na hanywi maji. Nilimbembeleza mpaka akasema. Wiki iliyopita mwanamume aliuvuta mlango ukafunguka, naye yumo chooni. Akasimama, akamtazama, akacheka. Kisha akamfungia komeo kwa nje akaenda zake! Kakaa humo mpaka mama mmoja alipokuja kumfungulia. Na mimi nilikuwa kwenye cherehani, napiga soga. Nimelia, kisha nimekasirika. Hasira imenifaa zaidi.

Dawa kapewa. Kaambiwa anywe maji mengi. Maji yapo — atakwenda kuyamwaga wapi?

Jumatano, Machi 13
Kwa meneja wa kambi. Ombi litapelekwa juu, tuwe na subira. Nikamwambia subira yavuta heri, ila kibofu hakijui methali. Akauliza kwa nini wanawake tusisindikizane. Nami nikamuuliza: wewe chooni husindikizwa na nani? Karani wake akainama kuokota kalamu ambayo haikuanguka.

Alhamisi, Machi 14
Wifi kaazima bisibisi kwa fundi redio. Makomeo yote tumeyahamishia ndani, mchana kweupe, anayetaka kuona aone. Skrubu zilikaza hizo! Mimi nasukuma, wifi na tumbo lake la mimba anashikilia mlango, tukacheka mpaka tukakaa chini. Fundi wa stoo kapita, katazama, kasema moja tumelipinda. Lipinde tu, bora lifunge.

Ijumaa, Machi 15
Meneja kaja na walinzi. Eti tumeharibu mali ya kambi, makomeo yarudi nje "kama yalivyopokelewa." Fundi wa stoo kaletwa na vifaa vyake.

Basi tukaingia. Kila choo na mwanamke wake, komeo tumelisukuma. Niko cha kwanza, nimekalia ndoo niliyoipindua, naandika juu ya paja. Harufu — tuyaache hayo. Binti yangu yuko cha pili. Nilimwambia abaki hemani, kakataa. Asubuhi kanywa kikombe kizima cha maji mbele yangu.

Wanagonga. Mlinzi anatuomba tutoke kwa hiari. Meneja anafoka kwamba tutaondolewa kambini na familia zetu. Wifi anaimba kwa makusudi, tena vibaya. Fundi anamweleza meneja kuwa skrubu ziko ndani, yeye afanyeje?

Sasa wamehamia mlango wa binti yangu. Wanaupiga kwa ngumi, bati linalia. Naogopa, nisijidanganye. Mkono wangu uko kwenye komeo, nusura nitoke.

Wamepiga tena.

Ndipo nikamsikia mwanangu, kwa sauti kavu, ya juu:

"Kuna mtu!"