Bloku Kubwa na Kiti cha Noreen

Mpendwa Bi Opal,

Naomba ushauri wako katika safu yako ya gazeti kabla ya Jumamosi, maana rafiki yangu Delbert anataka jibu na mimi usingizi umeniruka. Nina gari la kale, Chevelle ya mwaka 1969, ndiyo niliyomchumbia nayo mke wangu Noreen, na majira ya baridi injini yake ilikufa, ile ndogo tunayoiita bloku ndogo, sasa ama niifufue ama nichukue bloku kubwa iliyo ghalani kwa Delbert, yenye nguvu za kutisha ila nzito mno, na wewe ni mtu wa hapahapa Indiana, unajua Jumamosi tunavyopanga magari yetu ya kale kwa maonyesho mbele ya duka la aiskrimu, boneti wazi, kila mtu kwenye kiti chake cha kukunja nyuma ya gari, na wapitao huchungulia injini kabla ya kukusalimu. Kiangazi kilichopita Delbert aliichungulia yangu akasema mbele za watu, "Lowell, hii si injini, bwana, hii ni cherehani." Noreen akamjibu bila kuinua macho kutoka kwenye aiskrimu yake, "Angalau cherehani yetu imekuja yenyewe. Yako imeletwa kwa trela kama ng'ombe mgonjwa." Watu walicheka, lakini mimi ile cherehani imenikaa rohoni.

Shida ni kwamba kwa uzito wa bloku kubwa pua ya gari itainama, kwa hiyo Delbert anashauri betri tuihamishie nyuma kwenye buti ili kusawazisha, nami nimepima, buti litabaki na nafasi ya kiti kimoja tu cha kukunja. Usukani nao utakuwa mgumu, na Noreen alipasuliwa bega, na ndiye anayeendesha tukirudi kwa sababu giza likiingia macho yangu ni ya kubahatisha. Nilimweleza yote. Akasema tu, "Basi kiti changu kitabaki gereji hapa nyumbani." Nikamwambia gereji ina nafasi ya kutosha. Tangu hapo ananiita "Bwana Hostetler".

Nichague injini ipi?

Lowell Hostetler

Bwana Hostetler,

Nakuita hivyo kwa kuwa naona ndilo jina lako nyumbani siku hizi.

Pole kwa kuchekwa, inauma. Lakini mtu mzima umepima buti, ukaona pana nafasi ya kiti kimoja, halafu ukaniandikia kuuliza habari za injini? Mkeo alikuambia anaachwa, wewe ukamwonyesha pa kuachwa.

Delbert wako simjui, ila akina Delbert nawajua. Ukiweka bloku kubwa atasema rangi imepauka. Na siku ile alipokudhihaki, nani alikujibia? Ukipata bloku kubwa, itakujibia hiyo? Usiache mbachao kwa msala upitao.

Fufua bloku ndogo. Mshukuru Delbert, ghala lake libaki na mali yake. Betri ikae mbele ilipokaa miaka yote. Kisha mwombe Noreen radhi, na neno "lakini" lisikutoke mdomoni. Jumamosi ya kwanza gari likiwaka, pakia kiti chake kwanza, chako baadaye, na ufunguo mpe yeye.

Akikataa kwenda, shusha viti vyote viwili mkae gereji. Ulisema ina nafasi ya kutosha.

Opal