Nimemlisha Mume Wangu Unga, Naye Anautangaza Kuwa Dawa ya Seli

Mshauri, kama umenizidi umri shikamoo, na kama hujanizidi basi habari za kazi. Mimi ni mshonaji wa mapazia, nimeolewa, naishi na mume wangu na mama mkwe wangu katika nyumba moja ambayo sebule yake imejaa vitambaa mpaka mgeni huombwa akalie jora, na hili ninalokuandikia sijamwambia hata dada yangu wa tumbo moja, kwa sababu kila nikijaribu kulisimulia najisikia kama mtu aliyechanganyikiwa, na pengine ndivyo nilivyo.

Mume wangu ni mwalimu wa udereva. Gari lake la kufundishia lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja yake, na tangu aanze kazi hiyo hajawahi kugonga hata ndoo, mpaka alipopata mwanafunzi mmoja ambaye zamani alikuwa akiuza magodoro na siku hizi anajiita Daktari wa Seli, na bwana huyo hakuja kujifunza, alikuja kufundisha, maana hata usukani alikuwa hajaushika vizuri lakini mdomo ulikuwa umeshaingia gia ya nne, akamwambia mume wangu kwamba mwili ni kama bodi ya gari, unashika kutu kutoka ndani, seli moja baada ya nyingine, na kutu hiyo haitoki kwa maji wala kwa sabuni, inatolewa na antioksidanti, na antioksidanti zenyewe yeye anazo kwenye kopo, kapsuli za rangi ya chungwa, zinasafisha seli na kuipa nguvu kinga ya mwili. Mume wangu kutu anaijua na anaichukia. Alirudi nyumbani amekumbatia kopo.

Mwanzoni nilinyamaza, nikasema afadhali kopo la vidonge kuliko chupa ya pombe, lakini kopo likaanza kututawala. Asubuhi anasimama mbele ya kioo anazijulia hali seli zake, "Hamjambo humo ndani?" kisha anatulia kidogo kama mtu anayesubiri kuitikiwa. Akaacha kukasirika, eti hasira inaongeza kutu, mwanafunzi akiparamia ua wa watu yeye anamwambia taratibu, "Rudi nyuma, mwanangu, usizishtue seli zangu." Mama mkwe, ambaye ni askari magereza mstaafu na hajui kunong'ona, alimwambia, "Seli nimezilinda maisha yangu yote, mwanangu. Kinachosafisha seli ni fagio na ndoo ya maji. Kingine ni uongo wa wafungwa." Hakusikia.

Kisha Daktari wa Seli akamwambia aongeze, na akiongeza aongeze tena, na mume wangu akawa anameza kwa konzi kama mtu anayekula karanga, na siku moja nampimia shati naona viganja vyake vimekuwa vya manjano, baadaye nyayo, baadaye pua, akawa rangi ya karoti, Mshauri, sikutanii, wanafunzi wake wakawa wanamtambua tangu mwisho wa barabara. Tumbo likamharibika, usingizi ukampaa. Nikamkokota hadi zahanati, muuguzi akamtazama macho, akakuta meupe, akamuuliza anakula nini, naye akatoa kopo kwa fahari kama anatoa leseni. Muuguzi akasema, "Ini liko salama, baba. Umejijaza rangi tu, na hayo mengine yaliyomo yanakuumiza tumbo. Acha haya mavidonge." Tulipofika nje mume wangu akaniambia, "Umesikia mwenyewe. Niko salama. Huu umanjano ndio kutu inayotoka."

Sasa ungekuwa wewe ungefanya nini? Nilibembeleza, nikanuna, nikalificha kopo kwenye kapu la vifungo akaja na jipya. Ndipo siku moja akiwa kazini nilikaa kwenye meza yangu ya cherehani nikaifungua kapsuli moja kwa kucha, nikamwaga ule unga wa chungwa, nikaijaza unga wa ngano, nikaifunga. Kazi yenyewe ni nyepesi kuliko kugeuza kola. Nikafungua nyingine. Nikamaliza kopo, na kila alipoleta jipya nikalifanyia vivyo hivyo.

Na mume wangu akapona. Manjano yakaanza kufifia, tumbo likatulia, akalala kama gogo, akanenepa shingo, na badala ya kuliacha kopo ndiyo kwanza akalibusu. "Unaona?" akaniambia. "Kutu imekwisha. Sasa seli ni mpya." Daktari wa Seli aliposikia akamwita kwenye mkutano wake, ukumbi umejaa, akampa kipaza sauti, na mume wangu, ambaye siku ya harusi yetu alishindwa hata kuwashukuru wageni, akasimama akatoa ushuhuda mpaka watu wakalia, akawaonyesha viganja, akasema dawa za hospitali zinapaka rangi juu ya kutu lakini hizi zinaitoa, na mimi nimekaa safu ya mbele napiga makofi kwa mikono ile ile iliyojaza unga.

Ningekuwa nimeishia hapo nisingekusumbua. Lakini mama mkwe alikuwepo ukumbini. Mama ana presha ya siku nyingi, kila asubuhi humeza kidonge chake cheupe na chai, hajawahi kukosa, na tuliporudi nyumbani akakitazama kile kidonge, akasema, "Wewe tumekaa pamoja miaka yote hii na hujanibadilisha hata rangi," akaweka pakiti zote kwenye pipa la taka, akaanza kuchota kwenye kopo la mwanawe. Yaani anakula unga wangu. Na sasa kichwa kinamgonga, anaona nyota mchana, akiinuka anashika ukuta, na mume wangu anamwambia, "Vumilia mama, kutu inatoka."

Mshauri, hapa ndipo nilipofanya jambo la kijinga kuliko yote. Nilizitoa zile pakiti kwenye pipa, nikasaga vidonge vya presha, nikavitia ndani ya kapsuli chache, nikaziwekea alama ya chaki ya kushonea, nikazipanga juu ili mama azichote bila kujua. Nilisahau kwamba chaki ya mshonaji kazi yake ni kufutika, na alama zilipopotea sikujua tena zipi nimwondolee mume wangu. Mama akachota za chini. Mume wangu akachota za juu, akameza kwa konzi kama kawaida yake, akaenda kazini. Walipofika kwenye mzunguko wa barabara akalegea kwenye kiti kama shuka iliyolowa, na aliyekuwa kwenye usukani ni mama mmoja muuza maua ambaye ameshafeli mtihani wa udereva mara nyingi kwa kuogopa mizunguko hiyo hiyo, na mama huyo, kwa kukosa wa kumuuliza, akauzunguka vizuri, akatoa ishara, akabadilisha gia, akamleta mume wangu mpaka mlangoni kwetu na kuliegesha gari sambamba na ukuta kama aliyelipimia kwa rula. Mume wangu akafumbua macho akaangalia ukuta, akamwambia kwa sauti ya mbali, "Umefaulu." Mimi nikiwa nalia na kumpepea, yeye ananiambia seli zake zimefika mahali pa utulivu ambapo hazijawahi kufika.

Nikisema ukweli nitamwaibisha mume wangu mbele ya ukumbi mzima, na mama mkwe atasema nawalisha vitu kwa siri, na itakuwa kweli. Nikinyamaza, mama ataanguka. Jumapili ijayo mume wangu ameitwa tena kutoa ushuhuda, na amenishonesha suti ya rangi ya chungwa. Niambie nishike lipi.

Mimi mshonaji, nisiyelala.

MAJIBU

Dada mshonaji, barua yako niliisoma nimekaa, nikaimalizia nimesimama. Gazeti hili lina siku yake ya kutoka na presha haina, kwa hiyo sikungoja. Namba yako ilikuwa nyuma ya bahasha, nikakupigia, na wasomaji wanaodhani mshauri huishia kwenye karatasi wasikie nilichokuambia: "Weka mkasi chini. Mpeleke mama zahanati sasa hivi. Ukweli umwambie njiani ukitaka, lakini muuguzi umwambie wote, pamoja na zile kapsuli alizomeza mumeo. Na yeye mchukue." Ukaniuliza, "Na suti je, nisiimalize kwanza?" Nikakata simu, na kwa hilo sikuombi radhi.

Uliponipigia jioni ulikuwa unalia na kucheka, kwa hiyo acha niweke sawa jinsi mambo yalivyokwenda. Uliwaambia sebuleni, umesimama katikati ya mapazia. Mama mkwe alikusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Unga gani?"

Ukasema, "Wa ngano, mama."

"Uliuchekecha?"

"Ndiyo, mama."

Akafikiri. "Nilijua kuna mtu ndani ya nyumba hii anayeficha kitu," akasema. "Nilidhani ni mwanangu. Nipe viatu vyangu." Zahanati walipompima hawakumruhusu kuondoka mpaka jioni, na muuguzi alikuambia kwamba mtu wa presha anayeacha dawa ghafla anaweza kupigwa na kiharusi akiwa anachuja chai. Hilo ulisikie vizuri. Siliandiki hapa kukutisha. Naliandika kwa sababu ulipokuwa ukinionea haya mimi na ukumbi, mama yule alikuwa anashika ukuta.

Sasa nikugombeze, maana umeomba. Kumwaga vile vidonge na kutia unga nakuelewa, ingawa sikusifu. Ulimpenda mtu asiyesikia, ukaamua kumpenda kwa hila. Lakini kusaga dawa ya presha na kuitega kwenye kopo la familia si mapenzi tena. Dawa ile imepimwa kwa mwili wa mtu mmoja. Mumeo angeweza kufa katikati ya barabara, na pamoja naye muuza maua wa watu. Usirudie, hata kama mtu amekataa dawa na unamwona anapotea. Mkatalie hadharani, ita ndugu, ita muuguzi, piga kelele majirani waje, lakini usimtilie mtu kitu mdomoni asichokijua.

Mumeo naye amenipigia, huenda hakukuambia. Aliniuliza kwa heshima kabisa kama unga wa ngano una antioksidanti, maana kama uliomponya ni ule, basi yafaa watu waambiwe. Nikamjibu, "Bwana, unga haukukuponya. Kilichokuponya ni kuacha kumeza zile nyingine." Nikasikia kopo likitikiswa upande wa pili. Kisha akasema, "Kwa hiyo mimi nilikuwa mzima kabla."

"Ulikuwa mzima kabla."

"Na kutu?"

"Hukuwa na kutu, bwana. Ulikuwa na mwanafunzi mwongo."

Nilimweleza na nakueleza na wewe. Antioksidanti si uchawi wala si uongo wote. Zimo kwenye matunda na mboga, mwili unazitumia, na mtu mwenye upungufu daktari anaweza kumwandikia za vidonge kwa kipimo. Kinachoitwa cha faida kikizidi kipimo ni sumu iliyovaa nguo nzuri. Na hakuna kopo linalochukua nafasi ya dawa ya presha, ya sukari, wala ya ugonjwa wowote uliopimwa ukajulikana. Anayekuambia acha dawa yako unywe ya kwake, muulize kwanza nani atakushika ukianguka.

Kisha mumeo akaniuliza swali ambalo limenifanya nimheshimu. "Mshauri," akasema, "na wale watu wa ukumbini nitawaambia nini?" Sauti yake haikuwa ya mtu wa seli. Ilikuwa ya mwalimu aliyekumbuka kwamba nyuma ya gari lake kuna magari mengine.

Basi fanyeni hivi. Dawa ya mama ikae mahali anapoifikia mwenyewe, aimeze mwenyewe, na wewe usiiguse. Unaniambia siku hizi akimaliza kumeza anakufungulia mdomo ukague, kama wafungwa walivyokuwa wakimfungulia yeye. Usicheke. Kagua, na umshukuru. Hayo makopo yapelekeni zahanati wayaone, wajue kinachouzwa mitaani. Huyo muuza maua arudi akafanye mtihani wake rasmi, kwa sababu mwalimu aliyelegea kwenye kiti hana mamlaka ya kumfaulisha mtu. Wewe na mumeo msilale mmegeuziana migongo. Ana haki ya kukasirika, na safari hii mwache akasirike, atapona.

Na Jumapili aende ukumbini. Ameniahidi. Avae nguo yoyote anayoitaka, lakini akipewa kile kipaza sauti aseme yote, kopo, manjano, unga, mama kushika ukuta, hata kama watacheka, na watacheka. Wewe usikae safu ya mbele ukipiga makofi. Panda naye, simama ubavuni kwake, na akikwama sema wewe. Daktari wa Seli akizima umeme, endeleeni bila kipaza sauti. Mkimaliza, msikimbilie nyumbani. Simameni mlangoni mpaka mtu wa mwisho atoke, maana humo ndani kuna mtu aliyemsikia mumeo mara ya kwanza akaenda kutupa vidonge vyake, naye hatanyanyua mkono mbele za watu. Atapita polepole, atawanong'oneza. Mshikeni mkono huyo, na msimwachie mpaka amefika zahanati.