Raketi Nyeusi na Kiwiko Changu

Jumatatu, 10 Februari
Saa kumi na mbili asubuhi, ukuta wa ukumbi wa mtaa, mipira mia mbili. Kama kawaida. Raketi yangu nyeusi ni moto. Niliitoa Gikomba mwenyewe, belo ya mitumba ikikatwa tu, mimi wa kwanza kuingiza mkono. Kamera kabisa, chaguo la kwanza. Nyepesi kama karatasi. Komarock nzima hakuna anayesevu kama mimi. Oti anajua, anajifanya hajui. Timu ya tenisi ya mtaa imebakisha nafasi moja. Mchujo 22 Machi, mimi na yeye, seti moja. Hiyo nafasi ni yangu. Oti atatubebea maji.

Alhamisi, 13 Februari
Kiwiko cha kulia kinauma. Upande wa nje. Kidogo tu. Nimempa fundi akaze nyuzi zaidi, nipige ngumu zaidi, nikinyamazishe.

Jumapili, 16 Februari
Siku ya chapati. Mkandaji wa hii nyumba ni mimi, hata majirani wanajua. Leo nimekanda kwa kushoto. Chapati zikatoka kama soli. Mathe: "Wewe, huo mkono mwingine umeuacha wapi?" Nikasema nimeulalia vibaya. Akaniangalia tu. Huyu mama ameangalia mashine za kiwanda miaka mingi, bolti ikilegea anajua. Kushika kikombe cha chai siwezi. Naogopa. Basi, nimeandika.

Jumanne, 18 Februari
Mathe amenichoma kwa Kocha Wafula, amemwambia yote. Kocha akabonyeza kiwiko, nikaruka kama mbuzi. Oti akacheka mpaka akakaa chini. Hukumu: wiki mbili bila mpira. Na siku ya mchujo kikiuma hivi, Oti anapewa nafasi bila kucheza.
Halafu Kocha akaigonga raketi yangu na kiganja. "Hii ni bomba la maji. Nyepesi, ngumu, na nyuzi umekaza hivi. Mshtuko wa mpira unaenda wapi? Unapanda mkononi. Kijana, ulichagua raketi kama mtu anachagua jaketi."
Nilikasirika sana. Ni kweli lakini.

Jumanne, 4 Machi
Wiki mbili za barafu na kuinua chupa ya maji polepole kama mzee. Nimechoka na barafu. Ila kikombe sasa nashika.
Leo nimerudi Gikomba, tena saa nane, wakati wajanja wameshaenda. Muuzaji: "Heee, bwana kamera! Leo umekuja kuokota fagia?" Nimeokota hayo mabaki. Raketi mbili, moja ya kijivu, moja ya maruni imebambuka rangi. Nikazipima kwa mizani ya Ndunda wa bucha, pamoja na nyeusi. Ndunda: "Nikuwekee mfupa juu?" Nyeusi ndiyo nyepesi kuliko zote. Maruni ndiyo nzito.

Jumapili, 9 Machi
Mimi sasa ni daktari wa raketi. Siku moja, raketi moja. Jioni nauliza mkono, asubuhi nauliza tena, natoa alama juu ya kumi.
Nyeusi: mipira kumi tu, kiwiko kikalia. Nguvu tisa, mkono moja.
Kijivu: laini, mkono saba. Lakini mpira unaenda unakotaka. Mmoja umelala kwenye paa la kanisa mpaka sasa.
Maruni: mpini mwembamba, nikauvalisha tyubu ya baiskeli ujae kiganjani. Fundi akalegeza nyuzi. Mipira hamsini. Nguvu sita, mkono tisa. Sura, sifuri. Nitachekwa.

Jumamosi, 22 Machi
Nimechekwa. Oti: "Buda, hiyo jembe umeiba kwa shosho?" Watu wote chini kwa kicheko.
Nikawa nyuma, mbili kwa nne. Mpira wangu hauchomi. Nyeusi ilikuwa kwa begi, kwa sababu mimi ni mjinga. Nikaitoa. Sevu mbili za kwanza Oti hakuziona. Ya tatu kiwiko kikawaka, raketi karibu initoke. Kocha aliona. Hayo macho yake yaliniuma kuliko kiwiko.
Nikarudisha nyeusi kwa begi, nikafunga zipu. Nikashika maruni. Nikaacha kupiga kwa hasira, nikaacha uzito wa raketi ufanye kazi. Huku, kule, mbele, nyuma. Oti alikimbia mpaka akaacha kuongea, na Oti haachi kuongea. Saba kwa tano. Kocha akabonyeza kiwiko, nikakaza uso. Akabonyeza tena. Haikuwa lazima kukaza uso. Akanitupia fulana ya timu.
Oti alinipa mkono. Wa kushoto, asiniumize wa kulia. Jinga hili. Nampenda.

Jumapili, 23 Machi
Mathe ameenda kanisani. Kuna jua. Nimefua fulana ya timu kwa beseni, nje. Nikaikamua kwa mikono yote miwili, wa kulia ukizungusha, mpaka tone la mwisho. Kiwiko, hakuna kitu. Nimeianika kwa waya. Nimekaa hapa mlangoni naiangalia ikikauka.