Kidonge na Poda

Jumatatu, 16 Juni
Kichwa kizito tena. Jana jioni kidonge cha usingizi kimoja tu, uji, kitandani. Asubuhi naendesha gari la shule, Kasubi hadi Lubaga, macho yanajifunga yenyewe. Nimempita mtoto mmoja getini kwao bila kumchukua. Mamake amenitukana. Ana haki.

Jumanne, 17 Juni
Kliniki na mke wangu, Atim. Daktari ameuliza kama natumia dawa nyingine. Sote tumesema hapana. Amenipunguzia, sasa nusu kidonge. Nakerwa. Tangu nimzike mama kule Kakamega silali bila dawa, na sasa dawa nayo hainiachi niamke.

Alhamisi, 19 Juni
Nimesinzia kwenye usukani. Watoto ndani! Tulikuwa kwenye foleni, mguu ukaachia breki, tukaigonga bodaboda ya mbele. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Watoto wamelia. Mkuu wa shule amechukua funguo. Miaka yote hii bila hata mkwaruzo! Nimefika nyumbani nikaupiga mlango teke.

Ijumaa, 20 Juni
Nimemwambia Atim leo simezi kitu. Akauliza, "Basi hata ile poda niache kuweka?"
Poda gani? Ya mitishamba, ya kutuliza mwili. Akina mama wa kikundi chake cha maombi wanauziana. Kumbe anaitia kwenye uji wangu kila jioni. Mbona hukumwambia daktari?
"Yeye aliuliza dawa. Hii si dawa, ni chakula. Hata mke wa pasta anakunywa hii."
Nimetamani kulitupa kopo barabarani. Tumelipeleka kliniki. Daktari amesoma maandishi, akashika kichwa. Kidonge kinaleta usingizi, poda nayo inaleta, vikikutana vinazidishana. Poda niache kabisa, kidonge nisikiguse bila kumuuliza. Nimemfokea Atim mpaka sauti ikakauka. Alitaka nipone, najua. Hilo ndilo linaniudhi zaidi, maana sina wa kumchukia.

Jumatano, 2 Julai
Kichwa chepesi. Funguo sijarudishiwa. Mkuu amekubali nikae nyuma na watoto tu, dereva mpya anaendesha. Anakanyaga breki vibaya.
Karibu na kanisa kuu la Lubaga mtoto wa chekechea amesinzia, akanilalia mkononi. Mkono umekufa ganzi. Sikuusogeza mpaka tulipofika.