Filamu ya Yuda na Nadhiri ya Mama

Mtaa wa San Isidro,
Bulacan, Ufilipino.
Jumapili ya pili ya Kwaresima, 5 Machi 2023

Mpendwa Dada Remedios,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Goti linaendeleaje huko Dubai? Huyo tajiri wako bado anakupandisha ngazi kutwa? Sisi ni wazima, ila mimi nimefura kwa hasira, na usiponisikiliza wewe nitapasuka.

Unajua kaka yetu Crisanto ameigiza Yuda hapa mtaani kila Ijumaa Kuu kwa miaka kumi na tisa. Mwaka jana watu wa filamu walimwona, wakamchukua awe Yuda wao. Si tulichinja nguruwe kwa furaha! Sasa filamu imetoka, na ndani yake Yesu anamwosha Yuda miguu huku analia. Basi mtaa mzima umekuja juu, ati Bwana ametukanwa.

Bi Saturnina, yule kiongozi wa waimbaji wa utenzi wa Mateso ya Bwana, anakusanya sahihi ili ipigwe marufuku. Nikamuuliza, "Bi mkubwa, kwani umeiona?"

"We Felisa, uchafu mpaka uonje?"

Hakuna hata mmoja wao aliyeiona, dada. Hata Injili ya Yohana hawajaifungua, maana Yuda naye alikuwepo mezani siku ile ya kuoshwa miguu.

Lakini nisijitie utakatifu. Mimi pia nilitia sahihi, tukitoka kwenye Misa, kwa kuwaogopa tu. Crisanto akalikuta jina langu limebandikwa mlangoni pa kanisa. Hakunigombeza. Alisema, "Mwandiko wako umependeza siku hizi." Niliona aibu! Kesho yake nikaenda mjini kuitazama, nikalia mpaka taa zikawashwa. Niliporudi nikalikata jina langu kwa kalamu, watu wakitazama.

Sasa kuna hili la nyumbani. Mwaka huu pia usomaji wa Mateso ni kwetu, kwa ile nadhiri aliyoweka marehemu Mama alipopona ugonjwa wake wa kwanza: Jumatano ya Juma Kuu asubuhi hadi Alhamisi jioni, wimbo usikatike hata mara moja. Bi Saturnina amekuja na sharti: Crisanto asikanyage, la sivyo waimbaji wote watabaki makwao. Tangu lini nyumba yenye Mateso ikamfungia mtu mlango? Mama alimlisha hata mlevi aliyeimba ovyo! Nikamwambia, "Basi bakini."

Nimesema, na sasa naogopa. Tangawizi ya kulainisha koo nimeagiza, na wali wa nazi nitaufunga majanini kama vile wanakuja watu arobaini, lakini tuko wawili. Crisanto ataimba upande mmoja, mimi upande wa pili. Kidole kimoja hakivunji chawa, na viwili navyo huchoka.

Kitabu cha Mama cha Mateso unacho wewe. Jumatano hiyo, ukitoka kazini tu, piga simu uimbe nasi. Nitaiweka simu mezani, mbele ya kiti cha Mama. Sisi tukinywa maji, wewe usinyamaze.

Nisalimie Perla na mumewe Dodong. Bwana aliyewaosha miguu wote kumi na wawili akulinde.

Mdogo wako akupendaye,
Felisa