Sentimita Nne za Mshono

Jumatatu, 3 Machi

Iandikwe na ikumbukwe: leo saa nne asubuhi, mbele ya mashahidi wawili — mume wangu na kuku wa jirani aliyeingia bandani bila hodi — tepu yangu ya kushonea imepandishwa cheo. Sasa ni chombo cha anga.

Sababu ni mabomba. Ndege anayoiunda bandani (mwaka wa sita huu!) ina injini iliyong'olewa kwenye gari lililopinduka. Haina pistoni. Ndani kuna dude la pembetatu linazunguka tu, kama mama mkwe akitafuta miwani. Inataka mabomba mawili ya kuvutia hewa, na urefu wake si wa kubahatisha. Alinieleza mpaka chai ikapoa: hewa inakimbia bombani, inakuta mlango wa injini umefungwa, inajigonga, inarudi nyuma, kisha inakuja tena. Ikifika wakati mlango unafunguka, injini inashiba. Ikichelewa, imekosa.

— Kama mgeni na chakula, nikasema.

— Hasa! Akafurahi kama nimefaulu mtihani.

Hesabu yake ni sentimita arobaini na sita kwa kila bomba. Ila mabomba yana kona, na rula yake ya chuma haipindi. Ndipo nikaitwa. Mikono ya mashati nimekata tangu sijaolewa. Kona hazinitishi.

Jumatano, 5 Machi

Nimekata vigezo vya karatasi ngumu, kimoja kwa kila bomba. Dakika ishirini tu! Yeye alishakesha navyo wiki mbili. Amevibeba kwa mchomeleaji — yule tunayemwita Cheche — akamwambia akate hivyo hivyo, asipunguze wala asiongeze. "Mke wangu hakosei vipimo." Alisema mbele ya watu. Miaka kumi na minane ya ndoa sijawahi kusikia sentensi hiyo. Nimeiandika hapa isije ikapotea.

Jumapili, 9 Machi

Mabomba yamefika, yanang'aa kama sufuria mpya. Ncha zote zimeshachomelewa bamba la kufungia.

Mama mkwe kaja kuyaona. Akazunguka ndege mara moja. Kisha: "Mwanangu, gari lenyewe halikufika lilikokuwa likienda. Wewe unataka injini yake ikufikishe wapi?" Akanigeukia mimi. "Na wewe, mke wa mwanangu, nasikia umemshonea mapafu."

Nilicheka. Nilikuwa bado na haki ya kucheka.

Jumatano, 12 Machi

Jaribio. Nilimwona kutoka dirisha la cherehani: akachukua ufunguo wenye uzi mwekundu msumarini, kama kawaida yake, akaelekea bandani. Punde, ngurumo! Nikatoka mbio na pini mdomoni.

Ndege imefungwa kamba kwenye nguzo, inatetemeka. Ili iruke inataka mizunguko elfu sita kwa dakika. Mshale ukapanda mpaka elfu tano na mia mbili, ukakaa hapo kama mtu aliyeambiwa asubiri. Akabadilisha plagi. Akabadilisha petroli. Palepale.

— Labda mabomba? nikauliza, kwa heshima tu.

— Mabomba hapana. Hayo umepima wewe.

Alhamisi, 13 Machi

Nilikuwa nakata shati la mteja. Mkasi ukasimama wenyewe.

Nafasi ya mshono.

Sentimita mbili huku, mbili kule. Kila kitu nilichokata maishani nimekiongezea. Mkono umezoea, haukiulizi kichwa. Lakini bomba halishonwi!

Nikaenda bandani, nikakuta wazi, nikapima. Hamsini. Nikapima la pili. Hamsini. Nikarudi nikamaliza shati. Shati limetoka zuri sana.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemwambia. Nilijiandaa kwa ukali; angalau ningejitetea. Akacheka.

— Sentimita nne tu, mama watoto?

— Koti likizidi sentimita nne, mtu anaonekana kaazima.

— Hewa haivai koti.

— Wewe ndiye uliyenieleza! Mgeni anakuta mlango umefungwa!

Anajua. Lakini Cheche kasafiri, harudi kabla ya wiki mbili, na mabamba yalivyochomelewa hayaguswi kwa msumeno. Na mwenye shamba tuliloazima liwe uwanja wa kurukia anaingiza trekta Jumatatu. Kwa hiyo kuruka ni kesho. Atanyanyuka kidogo tu, anasema, mita mbili tatu, atatua.

— Mwisho wa uwanja kuna nyaya za umeme, baba watoto.

— Nitazipita kwa juu.

— Kwa mizunguko ipi?

Akaanza kupiga viatu rangi. Mtu anapiga viatu rangi ili apande angani! Uwanja si wangu, injini si yangu, shingo si yangu. Kosa tu ndilo langu.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika hapa hapa uwanjani, nimekalia ndoo. Jirani wa kuku ameivuta ndege kwa pikapu yake, sasa anaeleza watu mambo ya anga kana kwamba kazaliwa mawinguni. Mama mkwe yuko pembeni yangu chini ya mwavuli. Nimepima uwanja kwa hatua mpaka kwenye nyaya: mia tatu na tisini. Mume wangu huwa anasema mia tano. Nimemuuliza aliupima lini. Kasema kwa macho.

Nakiri jambo. Alipovua koti apigwe picha, nikatia mkono mfukoni mwa koti hilo. Ufunguo wa uzi mwekundu ninao hapa, kwenye mkebe wa pini. Bila ufunguo hawashi. Ataona haya mbele ya watu, atanuna, trekta litaingia Jumatatu, nitasemwa mpaka nizeeke. Vizuri. Anayenisema atakuwa hai.

Amepapasa mifuko. Kushoto, kulia, kushoto tena. Amenitazama. Nimetazama daftari.

— Unaandika nini? mama mkwe anauliza.

— Vipimo, mama.

Amepanda! Anafunga mkanda. Basi na akae humo, jua ni kali, atashuka mwenyewe.

Injini imewaka.

Nimefungua mkebe. Ufunguo umo. Mama mkwe kauona. Kaniambia polepole, kama anayemfariji mtoto, kwamba huo ni wa kufuli la banda. Ndege inawashwa kwa kitufe.